Mgeni siku mbili, ya tatu kliniki

Meseji zenu kuhusu mawifi bado zinamiminika na nimezisoma zote, zingine nimezisoma mara mbili kwa ule utamu wake. Hayo tutayarudia. Mwezi huu naomba tuwape mawifi likizo kidogo, kwa sababu nina habari ya mgeni aliyekaa nyumbani kwetu mwaka mmoja na miezi miwili.

Niseme ukweli, habari hii nimeikalia muda mrefu. Kuna sehemu yake inaniaibisha. Mume wangu ndiye aliyenisukuma. Akaniambia, "Mama, iandike. Pale ofisini kwetu tu nawajua watu watatu wanaolea mtoto wa marehemu dada, wa binamu au wa jirani, na wote wanafanya kosa lile lile tulilofanya sisi." Basi naandika.

Begi la shangazi kaja

Ilikuwa Juni 2022. Kama umewahi kuishi Arusha unaijua Juni yake: ukungu wa Mlima Meru unashuka mpaka mjini, asubuhi unavaa sweta na koti juu yake, na kwenye kifodi hakuna anayetaka kukaa karibu na dirisha. Jioni moja tulipigiwa simu na afisa ustawi wa jamii. Kuna mtoto. Je, tupo tayari?

Tulikuwa tumeomba wenyewe miezi kadhaa nyuma. Sisi tuna mtoto mmoja wa kiume, na wakati huo alikuwa anakimbilia miaka sita. Nyumba yetu ya Moshono ina chumba kimoja cha ziada ambacho kazi yake ilikuwa kutunza masanduku na pasi mbovu. Tukaona tufanye jambo la maana. Ustawi walikuja nyumbani, wakaangalia tunakolala na tunakopikia, wakatuuliza maswali ambayo hata mama mkwe hajawahi kuniuliza, wakaongea na mwenyekiti wa mtaa na majirani. Tukapita.

Kisheria jambo hili linaitwa malezi ya kambo. Najua neno lenyewe linaogopesha, maana wengi wetu tumekua na hadithi za mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula. Hapa maana yake ni nyingine. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, pamoja na Kanuni za Malezi ya Kambo za mwaka 2012, zinaruhusu mtoto akae kwenye familia iliyochunguzwa na kukubaliwa wakati mambo ya familia yake yanatafutiwa ufumbuzi. Siyo kuasili. Ukimuasili mtoto, anakuwa wako moja kwa moja. Kwenye malezi ya kambo unamshika mkono katikati ya safari, na huenda siku moja akarudi kwao. Shikilia neno hilo, tutalirudia.

Mgeni wetu alikuwa binti wa miaka miwili na miezi minane. Mama yake alishafariki. Alikuwa anaishi na bibi yake juu kidogo ya Usa River, kule kwenye migomba. Mvua za masika zilipokolea bibi aliteleza shambani, akavunjika nyonga, akalazwa. Hakukuwa na ndugu mwingine wa kumshika mtoto. Akaja kwetu na begi la shangazi kaja ambalo ndani yake kulikuwa na gauni tatu, kandambili na kanga ya bibi. Kadi ya kliniki hakuna. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Hapa nitamwita Mgeni, kwa sababu jina lake ni lake.

"Mtoto mzuri, hasumbui"

Wiki za kwanza tulijisifu. Mgeni halii. Mgeni anakula kila anachopewa, iwe uji wa lishe, mtori au loshoro ya jirani. Ukimkalisha hapa, ukirudi baada ya nusu saa utamkuta hapo hapo. Shoga zangu walipokuja kumwona wakasema, "Jamani, mmepata malaika." Nami nikatabasamu kama vile nimemlea mwenyewe.

Lakini Mgeni hakuongea. Hata neno moja. Usiku nilikuta kipande cha ndizi ya kuchemsha chini ya mto wake, ameificha. Nikaitoa. Kesho yake ikawepo nyingine.

Sisi tulikuwa na majibu matatu mfukoni. La kwanza: anamlilia bibi yake, atazoea. La pili: bibi alikuwa anaongea naye Kimeru, Kiswahili chetu hakijui, kitaingia taratibu. La tatu alitupa mama mkwe wangu kwa simu: "Watoto wengine huchelewa tu. Hata mume wako alichelewa, na sasa mbona hanyamazi?" Tukacheka. Majibu yote matatu yalikuwa na akili ndani yake, na hapo ndipo ubaya ulipo. Jibu lenye akili linaweza kukulaza usingizi kuliko uongo.

Kulikuwa na jibu la nne ambalo hatukulisema kwa sauti. Nalisema leo. Mtoto hakuwa wetu.

Nilikuwa nawaza hivi: nikimpeleka kliniki, nesi atauliza mama yake yuko wapi. Atauliza kadi. Nitajibu nini mbele ya foleni ya akina mama wote wale? Faili la mtoto lilianzia Wilaya ya Meru, sisi tunaishi Jiji, na kuna barua ilikuwa inasubiriwa ambayo ilichelewa njiani, sitasema wapi. Nikajiambia acha barua ifike. Acha bibi apone, atampeleka mwenyewe, yeye ndiye anayejua historia yake. Mimi ni wa muda tu. Isitoshe ilikuwa msimu wa watalii, na mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya safari. Kuanzia Julai mpaka Septemba narudi nyumbani watoto wamelala.

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Mwanetu alipofika miezi kumi na moja bila kutambaa, nilimpeleka kliniki ndani ya wiki moja, na siku ile niligombana na bosi ili nipate ruhusa. Kadi yake ya kliniki mpaka leo iko kwenye droo, imefungwa kwa nailoni kama hati ya kiwanja. Kwa wangu, wiki moja. Kwa Mgeni, siku mia moja.

"Mama, huyu hasikii"

Aliyetuamsha ni mwanetu. Jumamosi moja mwezi Septemba walikuwa wanacheza uani, akaja jikoni amenuna. "Mama, Mgeni ananidharau. Nikimwita akiwa ananiangalia anakuja. Nikimwita kwa nyuma haji." Akafikiri kidogo, akasema, "Mama, huyu hasikii."

Mume wangu alikuwa anaosha gari. Hakusema kitu. Aliingia ndani, akachukua mifuniko miwili ya sufuria, akasimama nyuma ya Mgeni kama hatua nne hivi, akaigonga. Kuku walikimbia. Mbwa wa jirani alibweka. Mgeni aliendelea kupanga vizibo vyake vya soda kwenye mchanga.

Usiku ule tuligombana, ugomvi wa sauti ya chini, ule mbaya zaidi. Nilimwambia yeye ndiye aliyesema tusubiri barua. Akaniambia mimi ndiye niliyesema bibi atampeleka. Kisha akauliza swali ambalo lilitunyamazisha wote: "Angekuwa wetu, tungesubiri?"

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto.

Na lile swali nililoliogopa miezi mitatu likaja, dakika ya kwanza. "Kadi?" Sina. "Wewe ni mama yake?" Nikaanza kueleza, bibi, nyonga, Usa River, ustawi, barua. Nesi yule, mama wa makamo, aliinua mkono akanikatisha. "Analala kwako?" Ndiyo. "Anakula kwako?" Ndiyo. "Basi wewe ndiye mama wa leo. Mvue viatu, apande kwenye mzani."

Miezi mitatu ya woga iliishia kwenye sentensi hiyo.

Walimpima uzito na urefu, wakamzungushia mkononi ule utepe wenye rangi. Alikuwa na upungufu, siyo wa kulazwa lakini wa kufuatiliwa. Akafunguliwa kadi mpya. Nesi alipiga simu kwenye kliniki ya kule kwao, kwenye rejesta wakamkuta: chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 alipata, zile za surua na rubella za miezi 9 na 18 hazikuonekana. Akapangiwa tarehe za kukamilisha. Akapewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo. Kisha nesi akamgeuza kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia sikio, akaninusisha. Usaha. Nilikuwa namwogesha mtoto huyu kila jioni, na nilidhani ile harufu ni ya kanga ya bibi ambayo hakutaka tuifue.

Tulipewa rufaa, tukaenda KCMC, Moshi, kwenye kitengo cha masikio, pua na koo. Daktari alituchorea picha kwenye karatasi. Masikio yote mawili yalikuwa na maambukizi ya muda mrefu, ngoma za masikio zimeathirika, sauti inafika kama mtu anayeongea ukiwa umezamisha kichwa kwenye maji. Nikauliza habari ya Kimeru na Kiswahili. Akasema mtoto asiyesikia vizuri hajifunzi lugha yoyote, iwe ya bibi au ya kwenu. Tukafundishwa kukausha masikio kwa kitambaa safi kilichosokotwa, kuweka dawa ya matone, na kuzuia maji yasiingie wakati wa kuoga. Pamba na mafuta ya nazi ya kienyeji, hapana. Na kurudi, kurudi, kurudi.

Kwa nini haraka yote hii?

Labda unasema, dada, miezi mitatu ni nini? Hata mimi nilijifariji hivyo, mpaka niliposoma habari za Romania.

Mwaka 2000 watafiti wa Kimarekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza kufuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi kwenye vituo sita vya serikali jijini Bucharest. Nusu yao walipelekwa kwenye familia za malezi, zenye maafisa wa ustawi wanaozitembelea na kuzisaidia. Nusu waliendelea na utaratibu wa kawaida. Miaka ikapita, wakawapima tena na tena. Waliopelekwa kwenye familia walikuwa mbele kwa akili na kwa kushikamana na walezi wao, na walionufaika zaidi kwa mengi ni wale waliotoka kituoni kabla ya kufika kama miaka miwili. Ubongo wa mtoto mdogo hausubiri barua. Kila mwezi unajenga, na unajenga kwa matofali unayoupa.

Hapa kwetu nako jambo hili limeandikwa. Desemba 2021 serikali ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, jina refu kuliko foleni ya soko la Kilombero siku ya sikukuu, kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26. Inamhusu mtoto tangu mimba mpaka miaka minane, na inataja mambo matano anayohitaji kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama. Sasa jipime. Sisi tulimpa Mgeni ulinzi na chakula, tukajiona tumemaliza. Mawili kati ya matano. Hata shuleni hiyo ni alama ya kufeli.

Na ndoa je?

Hili ni gazeti la mapenzi, kwa hiyo lazima tuulizane: mambo haya yanafanya nini kwenye ndoa?

Yanaitikisa. Mtoto wa kulea mwenye tatizo la afya anataka muda, nauli na uvumilivu, vitu vitatu ambavyo wanandoa wa umri wetu hawana vya kutosha. Kulikuwa na mwezi ambao ada ya mwanetu na safari za Moshi ziligongana kwenye mshahara mmoja. Kulikuwa na ndugu aliyesema mbele yangu, "Mnahangaika na mtoto wa watu, wenu mnamwacha." Mwanetu naye alianza kujifanya haoni, kisha hasikii, kisha anaumwa tumbo kila tunapojiandaa kwenda hospitali. Ilibidi tuanze kumpeleka naye siku moja moja, anunuliwe karanga njiani.

Kilichotusaidia ni kugawana. Mume wangu alichukua ofisi: ustawi, kata, barua, sahihi. Mimi nikachukua kliniki na dawa. Jumapili usiku, watoto wakilala, tunakaa dakika kumi na daftari moja: wiki hii nani anakwenda wapi. Dakika kumi tu, simu zimewekwa mbali. Shosti, nakuambia, kuna waume wanaoleta maua. Wangu alileta cheti cha kuzaliwa cha Mgeni siku ya Ijumaa saa kumi jioni, shati limelowa mvua, na sijawahi kumpenda kama siku ile.

Cheti chenyewe tulidhani ni mlima. Kumbe RITA ina mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani, ambao unawezesha mtoto kusajiliwa na kupewa cheti bila malipo kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya. Kilichohitajika kwetu ni maelezo ya bibi, kadi ya kliniki na mume mwenye subira ya kwenda mara tatu.

Mwalimu aliyezima redio

Cheti kilikuwa na maana kwa sababu ya chekechea. Ya kwanza tuliyokwenda, jirani tu na nyumbani, walitukataa. "Mleteni mama yake, na cheti." Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikaona wanajua kabisa kwamba mama hayupo. Baadaye nikatulia, nikaona wengine hawajui tu. Mume wangu akaomba barua ya ustawi inayosema sisi ndio walezi, tukaiwekea nakala tano, tukaenda kituo kingine cha kulelea watoto mchana. Wakampokea.

Huko tulibahatika. Mwalimu mmoja alisomea elimu maalum pale Chuo cha Patandi, Tengeru, chuo kinachofundisha walimu wa watoto wenye mahitaji maalum. Jambo la kwanza alilofanya ni kuzima redio ya darasani. La pili, alimhamisha Mgeni kutoka nyuma, alikokuwa amejikalia kimya, akamweka mbele karibu na dirisha. Akatufundisha na sisi: chuchumaa uso wako uwe sawa na wa mtoto. Mwanga uangukie uso wako, usiwe nyuma yako. Mguse bega kwanza, ndipo uongee. Sentensi fupi, sauti ya kawaida, usipige kelele. Taja kitu ukiwa umekishika. Kikombe. Kiatu. Ndizi. Kama nyumbani kwao wanatumia Kimeru, msikikataze. Lugha mbili hazimuumizi, ukimya ndio unamuumiza.

Nikienda Tengeru kumwona mwalimu huyu, njiani nilikuwa nawaza habari ya Wapolandi. Wengi wanaoishi Arusha hawaijui. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa vita, Tengeru ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, na baadhi ya watoto walikuwa yatima waliopoteza wazazi kwenye safari ndefu ya kutoka Urusi. Makaburi yao yapo mpaka leo. Walikuwa watu wa kupita tu, hakuna aliyepanga kuzeekea Tengeru. Lakini walijenga shule, hospitali na kanisa, kwa sababu mtoto anakua hata akiwa safarini. Mlima huu ulishawahi kulea wageni.

Neno la kwanza la Mgeni lilikuja Januari 2023. Halikuwa "mama". Lilikuwa "toka", alimwambia kuku. Tulishangilia kama Taifa Stars imefunga goli. Na siku chache baadaye nilipoinua mto wake kutandika kitanda, chini hapakuwa na ndizi.

Mgeni akifika kwako

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni mdogo naye ana jembe lake. Kama umepokea mtoto wa ndugu, wa jirani au kupitia ustawi, nakuomba ukate kipande hiki ukibandike kwenye friji:

1. Mpeleke kliniki ndani ya wiki ya kwanza, hata kama haumwi na hata kama huna kadi. Waombe wamfungulie nyingine na watafute kumbukumbu zake kule alikotoka. Uliza chanjo, uzito, urefu, na omba waangalie macho na masikio.

2. Usimsifu mtoto kwa kunyamaza. Simama nyuma yake, mwite. Angalia kama anageuka, kama anacheza, kama anakutazama machoni. Mtoto anayeficha chakula hajakosa adabu. Huyo ameshawahi kukosa chakula, au anaogopa kukikosa. Usimchape.

3. Ustawi wa jamii wajue mtoto yupo kwako, hata kama ni wa dada yako wa tumbo moja. Omba barua inayokutaja kama mlezi. Barua hiyo itakufungulia milango ya hospitali na shule, na itamlinda mtoto na wewe pia.

4. Kama ametoka wilaya nyingine, usisubiri mafaili yakutane yenyewe. Uliza jina la afisa wa kule na wa hapa, wapatie namba zao wapigiane.

5. Msajili apate cheti kabla hajafikisha miaka mitano. Akivuka hapo utaratibu unabadilika.

6. Tafuta mahali pa kucheza na kujifunza na wenzake, kituo kilichosajiliwa. Akifikia umri wa shule, tangu 2016 darasa la awali kwenye shule za serikali halina ada, na sera inalihesabu kuwa sehemu ya elimu ya msingi ya lazima. Mtoto wa kulea asiachwe nyumbani kuchunga kuku wakati wa kwako amevaa yunifomu.

7. Bahasha moja. Kila karatasi ya mtoto, kadi, cheti, rufaa, barua, iingie humo.

Na ukiona mtoto wa jirani analelewa kwa mateso, kuna namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, kupiga ni bure.

Bahasha

Nilikuambia ushikilie neno. Bibi alipona. Siyo haraka, lakini alipona, akaanza kutembea na mkongojo, mjukuu mwingine mtu mzima akahamia kwake kumsaidia. Ustawi walikwenda kuangalia mara mbili. Agosti 2023 ikafika siku ya Mgeni kurudi kwao.

Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Usiku ule nilimwuliza mume wangu kama hatuwezi kuomba abaki. Akaniambia, "Tulimkopa." Sikulala.

Tulipanda naye wote wanne, gari likapita Usa River, likakata barabara ya vumbi kuelekea migombani. Begi la shangazi kaja lilikuwa limejaa mpaka zipu haifungi. Nilimkabidhi bibi ile bahasha, nikamtolea karatasi moja moja: hii ni kadi, chanjo zimekamilika. Hiki ni cheti. Hii ni tarehe ya kurudi KCMC, sikio la kulia linasikia vizuri, la kushoto bado. Hii ni barua ya mwalimu kwa shule atakayokwenda, inasema akae mbele. Bibi hakujua kusoma, lakini alizipokea kwa mikono miwili, akazifunga kwenye ile ile kanga yake.

Mgeni alikuwa ameinama anawatawanyia kuku mahindi, ametupa mgongo. Bibi akamwita jina lake, kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutojibiwa.

Mgeni akageuka.

Bibi aliketi chini kwenye majani ya migomba, na nyonga yake ile mbovu, akalia. Mpaka siku ile hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mjukuu wake alikuwa hasikii. Yeye naye alidhani ni mtoto mtulivu.

Januari 2025 Mgeni alianza darasa la awali kwenye shule ya msingi ya kule kijijini. Anakaa mbele. Tunaenda kumwona, na mwanetu bado anasema anadharauliwa, ila sasa ni kwa maneno.

Mwezi ujao mawifi wanarudi, jiandaeni. Tukutane panapo majaliwa.